Mali Bila Daftari: Mhadhara kwa Wanaoanza Shahada ya Sayansi ya Wanyama



Nimeombwa nizungumzie maana ya kusoma sayansi ya wanyama katika shahada ya kwanza. Vijana, wengi wenu mmekwisha kulisikia swali hili nyumbani, siku mlipokuwa mnafungasha. Jirani anauliza, "Mtoto kapata chuo? Anakwenda kusomea nini?" Akijibiwa, anafurahi: "Aa, udaktari wa mifugo!" Mnasema hapana. "Basi ni wale wa mbugani, wa tembo na simba." Hapana tena. Hapo jirani hunyamaza, na moyoni amekwisha kuamua kwamba kijana alikosa alichokitaka akapewa kilichobaki. Na tuseme kweli, wapo kati yenu ambao na wao wanaamini hivyo.

Neno langu la leo ni moja. Sayansi ya wanyama ni elimu ya kupima, na ufugaji wetu unaumwa kwa sababu tunashauri mno na kupima kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kwa idadi hiyo iko miongoni mwa nchi zinazoongoza Afrika. Lakini ingia boma lolote, au hata shamba lenye uzio na geti la chuma, uulize: ng'ombe huyu alitoa lita ngapi mwaka jana? Alikula nini na kwa kiasi gani? Alizaa lini mara ya mwisho? Utapewa majina ya ng'ombe, rangi zao, tabia zao, na koo walizotoka, kwa kumbukumbu ya ajabu. Tarakimu utazipata kwa nadra. Pengo hilo ndilo kazi yenu.

Mipaka ya somo

Hapa Morogoro elimu ya kilimo ya chuo kikuu ilianza mwaka 1969, kilipoanzishwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyetoka katika jamii ya wafugaji wa Monduli na kufariki Aprili mwaka huo kwa ajali ya gari, mkoani humu humu. Chuoni hapo udaktari wa mifugo husomwa miaka mitano, na sayansi ya wanyama mitatu. Tofauti ya miaka imewafanya watu wadhani kwamba huu ni udaktari uliokatwa kipande.

Tazameni ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kimelea anayesafirishwa na kupe. Daktari wa mifugo anajua kumtambua kimelea huyo, anajua dawa na chanjo, na anajua asichopaswa kufanya mtu asiye daktari. Mwanasayansi wa wanyama anasimama boma lile lile na maswali mengine. Mbona ndama wa zebu waliozaliwa hapa wanapona, na mtamba wa kisasa aliyenunuliwa mwezi uliopita anakufa? Kuogesha kila wiki kunagharimu kiasi gani, na kunaokoa kiasi gani? Ndama aliyepona amepoteza kilo ngapi za ukuaji, na je, atazirudisha? Yeye hushughulika na lishe, uzazi, urithi, malisho, mabanda, maziwa, nyama, mayai, na hesabu ya faida iliyofungamana na hivyo vyote. Kijijini wote wawili mtaitwa "bwana mifugo" au "daktari", na mtaonyeshwa mnyama mgonjwa. Jifunzeni mapema kusema, "Huyu anahitaji daktari, nami nitamwita." Heshima ya taaluma huanzia hapo.

Mwaka wa kwanza utawashangaza. Mtu aliyekuja akitarajia kushika ndama hujikuta ameshika kikokotoo: biokemia, jenetiki, anatomia, na takwimu, somo linalokimbiwa kuliko yote. Nawaomba msilikimbie. Bila takwimu hamtaweza kujua kama mbuzi kumi walioongezeka uzito wameongezeka kwa sababu ya chakula chenu au kwa sababu mvua ilinyesha.

Ng'ombe wa maskini

Kila mmoja hapa anaijua methali: ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Inasemwa kwa kuguna, kuonyesha bahati mbaya ya mnyonge. Mwanafunzi aliyepita somo la fiziolojia ya uzazi anaweza kuifanyia hesabu.

Ng'ombe jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 tu. Mimba huchukua siku 283 kwa wastani. Ukitaka azae kila mwaka, una siku zipatazo 82 tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Lakini siku hizo ndizo anazotoa maziwa kwa wingi. Asipopata chakula cha kutosha, anaanza kula akiba ya mwili wake mwenyewe. Mwili ukikonda, ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari. Joto halionekani, au huja usiku likapita kimyakimya. Na nani asiye na malisho ya kiangazi, asiye na pumba, asiye na mtu wa kukaa akimwangalia ng'ombe alfajiri na magharibi? Maskini. Nusu ya kwanza ya methali ni suala la lishe.

Nusu ya pili ni suala la takwimu. Jinsi ya ndama huamuliwa na mbegu ya dume, nayo hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Tajiri mwenye majike mia haoni ubaya wowote, kwa kuwa katika vizazi mia madume na majike hukaribiana. Mwenye ng'ombe mmoja anayezaa kila baada ya miaka miwili atapata ndama watatu katika miaka sita, na uwezekano wa wote watatu kuwa madume ni mmoja kwa nane. Katika kijiji chenye kaya themanini za namna hiyo, tegemea kaya kumi hivi zisizopata mtamba hata mmoja kwa miaka sita. Hakuna aliyewaroga. Ng'ombe huyo angezaa kila mwaka, ndama wangekuwa sita, na uwezekano wa kukosa mtamba ungeshuka hadi mmoja kwa sitini na nne.

Kwa hiyo ushauri unaomfaa mtu huyu haupatikani mpaka kwanza tuandike: tarehe ya kuzaa, tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, na hali ya mwili, ambayo hupimwa kwa kupapasa uti wa mgongo na nyonga na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Hata anayehimilisha, yaani kupandisha kwa mbegu iliyohifadhiwa, anahitaji daftari hilo. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, na mbegu zake hutunzwa katika nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu hiyo hupotea bure mfugaji akipiga simu siku ya pili. Kanuni ni rahisi: aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Kanuni hiyo haifanyi kazi pasipo mtu anayetazama na kuandika.

Tumbo lenye wenyeji wake

Nikiulizwa ni somo gani linalomgeuza mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi akawa mwanasayansi wa wanyama, nitasema lishe ya wanyama wanaocheua. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza, rumeni, kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita mia moja, na ndani yake hakuna kimeng'enya hata kimoja cha ng'ombe mwenyewe cha kuyeyusha majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu. Ni kama pipa la pombe ya kienyeji lisilomalizika kuchachuka: malighafi inaingia juu, hewa inatoka, na kinachobaki ni asidi ambazo hupenya ukutani mwa tumbo na kuwa chanzo kikuu cha nguvu za mnyama. Bakteria wenyewe, wakisukumwa kwenda vyumba vinavyofuata, humeng'enywa na kuwa protini.

Ndiyo maana ng'ombe anaweza kula mabua ambayo sisi hatuyawezi, akatupa maziwa. Ndiyo maana pia hutupa metani, gesi inayotoka kupitia kinywani, ambayo ni sehemu ya nguvu ya chakula iliyopotea hewani kabla haijawa maziwa wala nyama. Mjadala wa tabianchi unapotaja ng'ombe wa Afrika, mwenye shahada hii anatakiwa ajue kwamba ng'ombe anayekula majani makavu duni, akakua polepole na kutoa maziwa kidogo, hutoa metani nyingi kwa kila lita ya maziwa. Kumlisha vizuri kunapunguza gesi kwa lita na kumwongezea mwenyewe kipato.

Wenyeji hao wa tumboni wana masharti. Maziwa yakipungua, mfugaji wa mjini hukimbilia kummwagia ng'ombe ndoo ya pumba laini au unga wa mahindi. Wanga huchachuka haraka, asidi inapanda, kucheua kunapungua, na mate ambayo yangeituliza asidi hiyo nayo yanapungua. Ng'ombe anasusa, anaharisha, anaanza kuchechemea. Ushauri "ongeza pumba" ulikuwa wa nia njema, lakini haukupimwa.

Kupima kwenyewe si kugumu. Tuchukulie pumba yako ina protini asilimia 10 na mashudu yako ya alizeti asilimia 28, nawe unataka mchanganyiko wa asilimia 16. Toa 16 kwenye 28, unapata 12: hizo ni sehemu za pumba. Toa 10 kwenye 16, unapata 6: hizo ni sehemu za mashudu. Kilo mbili za pumba kwa kilo moja ya mashudu. Mama anayefuga kuku au ng'ombe wawili Kihonda, hapa Morogoro, anaweza kufundishwa hesabu hiyo kwa dakika kumi. Kigumu kiko kwenye neno "tuchukulie". Mashudu yaliyokamuliwa vizuri na yaliyojaa maganda hayafanani, na gunia haliandikwi protini yake. Kijana anayejua kupeleka sampuli maabara, akasoma majibu, na kurudi sokoni kumwambia mnunuzi ni gunia la nani linalostahili bei yake, ameokoa fedha za watu wengi kwa siku moja.

Damu na mahali pake

Swali mtakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ng'ombe gani anayetoa maziwa mengi?" Wote wanataka kusikia Friesian. Lakini katika makundi mengi yaliyopimwa duniani, tofauti ya maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe hutokana na urithi kwa robo hadi theluthi hivi. Sehemu kubwa inayobaki ni chakula, maji, afya, joto la mahali, na mikono inayokamua. Maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kutafuta lambo hawezi kutoa alichokosa kunywa. Ukimchukua ng'ombe mwenye uwezo wa lita 25 ukampa mazingira ya lita tatu, atajaribu kutoa zaidi ya tatu, atakonda, hatashika mimba, na mwisho wake utakuwa machinjioni.

Watangulizi wetu walilijua hilo. Kituo cha Mpwapwa, ambacho sasa ni cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, kilianza tangu zama za ukoloni kuunda ng'ombe wa nyanda kavu za kati: damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, zebu wa hapa nyumbani, Boran, na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya. Akapatikana ng'ombe wa Mpwapwa, anayetoa maziwa kuliko zebu na kustahimili ukame kuliko mgeni. Leo wamebaki wachache mno. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini, atazame yanayohitajika kudumisha aina moja ya mnyama: kundi kubwa la majike, madume wasio ndugu, kumbukumbu zisizokatika kwa vizazi, na wafugaji wanaosambaziwa madume hao na kurudisha takwimu. Kuunda aina mpya huchukua miongo. Kuipoteza kunahitaji tu daftari kufungwa na watu kuhama kituo.

Mfano wenye furaha zaidi uko hapa juu yetu, Mgeta, katika milima ya Uluguru. Wakulima wa kule wanalima mboga kwenye miteremko ambayo ng'ombe hana pa kusimama. Katika miaka ya 1980 waliletewa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway. Kule kuna baridi, mbuzi anafungiwa bandani, analetewa majani na mabaki ya bustani. Maziwa yanabaki kwa watoto na ziada inauzwa, na samadi inarudi kwenye mboga. Watafiti wa SUA na wenzao wa Norway wamewafuatilia mbuzi hao kwa miaka mingi, wakipima maziwa na uzito wa vitoto. Mbuzi wa aina ile ile akishushwa bondeni kwenye joto, kupe na majani makavu, habari ni nyingine. Kwa hiyo anayewauliza ni mnyama gani aliye bora, mwulizeni kwanza: bora wapi, kwa chakula gani, na chini ya mikono ya nani?

Mwenye malisho

Nimesema tunashauri mno. Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi hii uko Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, sehemu ya safari kwa ndege, ukapendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Udongo wa Kongwa ukikauka hugeuka mgumu kama sakafu ya saruji. Matrekta yalivunjika, karanga hazikung'oleka, na mvua haikuja kama ilivyotarajiwa. Wagogo wa pale waliijua mvua yao na udongo wao kwa vizazi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya paundi. Sehemu ya ardhi ile ikawa ya kufugia ng'ombe, na leo Ranchi ya Kongwa iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Nchi ile ilikuwa ya malisho, hawakuuliza.

Sasa wasikilizeni walioulizwa. Wasukuma wana ngitiri: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishika, ili ndama, wagonjwa na majike wanaonyonyesha wapate majani yaliyokauka yakiwa yamesimama. Wamaasai nao hutenga malisho ya ndama karibu na boma. Miti ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, ilikuwa imefyekwa kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na uhamishaji wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970 ukavuruga ngitiri nyingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, wataalamu walijifunza kwamba miche ya kitalu peke yake haiwafikishi mbali. Mafanikio yalikuja walipokubali kurudisha ngitiri, desturi ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti na majani.

Ongezeni na hili. Majani ya Brachiaria, ambayo leo yanalisha mamilioni ya ng'ombe wa Brazil, asili yake ni Afrika. Yalichukuliwa hapa, yakapimwa, yakachaguliwa, yakazalishwa kule Amerika ya Kusini. Sasa wafugaji wetu wananunua mbegu zake zilizoboreshwa. Nyasi zilikuwa zetu muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipanda kwenye vitalu, kuzikata, kuzipima uzito, na kuandika.

Mfugaji mwenye ng'ombe mia mbili anapokataa ushauri wako wa kupunguza mifugo, usimwite mjinga. Amepiga hesabu ambayo wewe hujaiona. Ukame ukiua nusu ya kundi, aliyekuwa na mia mbili anabaki na mia ya kuanzia upya. Aliyekuwa na kumi anabaki na watano na njaa. Ng'ombe hao ni akiba, ni mahari, ni bima. Ukitaka apunguze, lazima umwonyeshe kwa tarakimu za boma lake, si za kitabu, kwamba idadi ndogo yenye malisho ya uhakika inampa usalama ule ule. Usipoweza kuonyesha, yeye ndiye mwenye haki.

Na muulizeni mtu sahihi. Katika nyumba nyingi za wafugaji, anayekamua ni mama, na anayejua chuchu ipi imekauka ni yeye. Kuku ni wake pia. Ushauri hupewa baba chini ya mti, mama akiwa ndani na ukweli wote.

Mnyama naye apimwe hali yake

Ustawi wa wanyama unaonekana kwa wengi kama anasa ya Wazungu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sheria haisomwi na ng'ombe aliyefungwa miguu juu ya lori linalokwenda mnada wa Pugu. Hapa nawataka mumjue Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani. Alipotaka kujua kwa nini ng'ombe hugoma kupita kwenye kichochoro cha machinjioni, aliingia mwenyewe akapita humo. Akaona kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uzioni: vitu ambavyo mtu havioni, na ng'ombe haachi kuviona. Katika miaka ya 1990 akatengeneza namna ya kuhesabu: katika kila ng'ombe mia, wangapi wanateleza, wangapi wanaanguka, wangapi wanapiga kelele, wangapi wanachomwa kwa fimbo ya umeme. Huruma ikawa asilimia, na asilimia ikaweza kukaguliwa.

Hapa kwetu kuna sababu ya mfukoni pia. Mnyama aliyesafirishwa kwa mateso humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake. Akichinjwa, nyama haipati asidi inayostahili, inakuwa nyeusi na huharibika upesi. Hasara hiyo hulipwa na mtu fulani buchani kila siku, bila kuandikwa popote.

Baada ya joho

Wazazi wangu, najua mnangoja sehemu hii. Ajira za serikali zipo, wizarani na katika halmashauri, lakini haziwatoshi wote wanaohitimu, na sitawadanganya. Nje ya hapo kuna viwanda vya chakula cha mifugo, vituo vya kutotolesha vifaranga, viwanda vya maziwa, ranchi, vituo vya TALIRI, na vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, vinavyowafundisha wanaosomea cheti na stashahada. Wapo watakaofika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kule Nairobi.

Kuhusu kujiajiri, neno linalotolewa bure kwa vijana wasio na mtaji, nasema hivi: katika ufugaji wa kuku au nguruwe, chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama. Anayepima kila wiki kilo za chakula zilizoingia na kilo za uzito zilizoongezeka hujua wiki anayoanza kupata hasara. Asiyepima hujua siku ya kuuza. Ujuzi huo una soko hata kwa asiye na kuku wake mwenyewe. Wafugaji wa Dar es Salaam, Pwani na Arusha wanaohesabu kuku kwa maelfu watamlipa anayewaonyesha senti zao zinakovuja.

Mapendekezo

Nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa walimu wenzangu: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe mnyama mmoja wa shamba la chuo, amfuatilie hadi atakapohitimu, akiandika uzito, chakula, joto, mimba, ugonjwa na mazao. Mwanafunzi aliyeishi na kumbukumbu ya mnyama mmoja kwa miaka mitatu, zikiwemo kurasa zenye mapengo anayoyajutia, hatamshauri mfugaji kwa kubahatisha.

La pili: utafiti wa mwaka wa mwisho urudi ulikotoka. Wafugaji wetu wamepimiwa mifugo yao mara nyingi, na majibu yakaishia maktaba kwa Kiingereza. Kila mhitimu aandike karatasi moja kwa Kiswahili, aipeleke boma kwa boma, na asimame pale kujibu maswali. Itakuwa mtihani mgumu kuliko wa jopo la maprofesa.

La tatu ni kwenu vijana, nalo halingojei kikao cha kamati. Mtakapokwenda likizo, chagueni mnyama mmoja wa nyumbani au wa jirani: mbuzi, ng'ombe, hata kuku wanaotaga. Kwa siku 30 andikeni kilichoingia kinywani na kilichotoka, iwe lita, mayai au kilo. Msishauri chochote. Mtakaporudi, kila mmoja aniletee ukurasa wake na swali moja ambalo hakuwa nalo kabla ya kupima. Kurasa hizo nitazisahihisha mwenyewe, na mhadhara wangu wa kwanza wa muhula utatokana na maswali yenu.